Visanduku Vinne

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
darasa la tano la shule ya Hombolo linakuwa letu:
watu wazima kumi na wawili, magoti yamekwama kwenye madawati ya watoto,
mimi na udongo wa shamba chini ya kucha.
Mwalimu Nyemo, kijana wa Chuo Kikuu,
ana viatu vyeupe ambavyo vumbi letu limeshavibatiza.
Anachora msalaba ubaoni, anauzungushia kuta.
Visanduku vinne. "Huu," anasema, "ni mchezo."

Tukacheka. Mchezo gani usio na mpira?

"Ukishikilia bei, naye akashikilia, mnapata hiki.
Ukishusha, naye akashikilia, unakula peke yako.
Akishusha yeye, unabaki na kreti zako na inzi.
Mkishusha wote..."
Hakumaliza. Nilimalizia mimi, kimoyomoyo,
kwani kisanduku hicho nimekaa ndani yake
misimu mitatu, na Ndahani jirani yangu.

Zabibu haimsubiri mtu. Ukiikata leo,
keshokutwa inatoa machozi.
Lori la mnunuzi lina dirisha moja,
na dirisha lile huita mmoja mmoja.
"Mwenzio kaniambia mia tisa kwa kilo," husema yule bwana,
kalamu sikioni, injini hajaizima.
Mwenzio! Nikasema mia nane.
Ndahani alipoitwa akasema mia saba na hamsini,
kumbe mia tisa hakuitaja yeye wala nani.
Jioni tulikutana kisimani,
tukaamkiana "Mbukwa," kila mtu akitazama ndoo yake.

Sasa nina jina la ule ujinga.
Tena mwalimu anasema haukuwa ujinga:
kila mmoja alitumia akili, ndiyo maana tukaumia wote.
Hilo nililiandika, nikalipigia mstari mara mbili
hadi karatasi ikatoboka.

Dawa yake?
"Kukutana tena," akasema. "Anayejua mtaonana msimu ujao
atakuogopa, au atakustahi, hesabu haijali ni lipi.
Lakini mchezo ambao mwisho wake unajulikana
huanza kuoza kutoka mwishoni, kama kichala,
punje ya chini kwanza."

Nikampelekea Ndahani daftari.
Miwani imevunjika, akasema,
basi nikamchorea chini kwa kijiti, kati ya mizabibu,
kuku wake akapita juu ya kisanduku cha tatu.
Alinyamaza kitambo.
"Elfu moja na mia mbili. Tusishuke."
Na kabla sijajipangusa magoti:
"Ila ujue, huu ni msimu wangu wa mwisho.
Mwanangu ananiita Manyoni. Shamba limeshapata mteja."

Tangu usiku ule silali, nahesabu.
Kwa nini aliniambia?
Angenyamaza, akashusha, akaondoka na mfuko mnene,
nami ningemlaani mtu aliye Manyoni, laana isiyo na nauli.
Nilitafuta kisanduku cha mtu
anayesema kweli bila kuulizwa.
Nikamuuliza mwalimu. Aliigeuzageuza chaki.
"Hiyo tutaifikia wiki ya saba."

Wiki ya saba ilikuwa mavuno, darasa likabaki na popo.

Na leo lori limekuja.
"Mwenzio kaniambia mia tisa."
Kalamu ileile, sikio lilelile.
Naona kioo cha pembeni, kina ufa,
na ndani ya ufa, mdogo kama punje,
Ndahani amekalia kreti iliyofunikwa gunia,
anafuta miwani.
Mizima, vioo vyote viwili.

Mambo mawili aliniambia siku ile.

Injini inanguruma. Nyuma yangu mtu anakohoa.
Nachukua punje moja juu ya kreti, naitia mdomoni,
naila taratibu, na mbegu zake,
kisha natamka bei.
Elfu moja na mia mbili,
kwa sauti, ili aliye kwenye kioo asikie.